Unyevu wa besimenti na bili ya umeme: tupeane uzoefu

Wakuu mlioko Ohio, Minnesota, Toronto na kwingine kwenye nyumba zenye besimenti, salaam. Joto limeingia na ile harufu ya ukungu imerudi. Wengi wetu hatukukulia nyumba zenye chumba chini ya ardhi, tukihamia huku tunaambiwa tu tununue mashine ya kunyonya unyevu, iwake usiku na mchana. Mashine ya wati 500 ikiwaka mfululizo inakula uniti 12 kwa siku, yaani 360 kwa mwezi. Uniti ikiwa senti 15, hizo ni dola 54. Aliyefanikiwa kukausha bila kuumizwa na bili, atueleze.

Mdau, Columbus:
Dada, anzia nje. Kwangu maji ya gata yalikuwa yakimwagika chini ya ukuta kabisa. Nikaunga mabomba yapeleke maji mbali, nikajaza udongo uteremke kuelekea uani. Mvua zilizofuata, sakafu kavu, na mashine sasa inapumzika saa nyingi.
Kabla hujatoa hela, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, unyevu uko hewani. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanapenya kutoka kwenye udongo, na hapo utanyonya mpaka uchoke kama hujayazuia huko nje.

Mama wa watatu, Minneapolis:
Mimi ni wa Tanga, kwetu chumba kikinuka unafungua madirisha upepo upite. Huku wakati wa joto fungeni! Hewa ya nje ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 65, ikishuka besimenti na kukuta ukuta wa nyuzi 18, inaacha maji pale pale ukutani. Unaingiza maji mwenyewe, kisha unalipia umeme wa kuyatoa. Mimi nafungua siku kavu za Septemba na Oktoba. Na nguo mbichi msianike kule chini, jamani.

Mdau, Toronto:
Nunueni kipima unyevu, ni bei ndogo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri unyevu uwe chini ya asilimia 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50. Niliowatembelea wengi wameitegesha mashine ishushe unyevu hadi asilimia 35, hailali. Mimi nimeitegesha 50 na ukungu sijauona. Na chujio la mashine mlisafishe.

Fundi, Dayton:
Kama hita yenu ya maji ni ya umeme na imezeeka, ulizieni ya pampu ya joto. Inachota joto kwenye hewa ya besimenti kupashia maji, na papo hapo inaikausha hewa hiyo. Umeme wake haufiki nusu ya ule wa hita ya kawaida. Inakausha wakati inapasha maji tu, kwa hiyo penye unyevu mwingi mashine ibaki. Na majira ya baridi inapoozesha chumba.

Mwanzisha mada:
Asante sana kaka fundi. Chumba changu cha hita ni kidogo, itafaa?

Fundi, Dayton:
Kwa kawaida inataka nafasi ya futi za ujazo 700 hadi 1,000. Ukiwa na pungufu, weka mlango wenye matundu ya kupitisha hewa. Pima kwanza, dada, uniletee vipimo hapa.