Fundi kuchaji draiva mbali na kupiga Windows: haki yake au tunapigwa?

Wadau wa Tanga, tujadili hili bila matusi. Tangu Windows 10 ikatiwe sapoti tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanapeleka mashine zipandishwe kwenda 11, na hapa Ngamiani imekuwa mtindo, fundi anakutajia bei ya kupiga Windows (kuiweka kwenye kompyuta), ukirudi jioni kuchukua mashine anakwambia bado draiva, zile programu ndogo zinazofanya sauti, waifai na skrini zifanye kazi, ongeza hela. Mi nasema huo wizi. Mashine haitoi sauti, waifai haioni, maandishi yamevimba skrini nzima, sasa hapo umenipigia Windows gani? Bei iwe moja na itajwe mwanzoni.

Fundi wa Makorora: Kaka unaongea kirahisi. Draiva nyingi Windows Update inazivuta yenyewe, hizo sichaji. Kazi ipo pale waifai yenyewe ndo haina draiva, utaingiaje mtandaoni kuitafuta? Nachomeka simu kwa waya wa USB nashea intaneti, na bando ni langu. Naingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vya mashine ndani ya Windows, kile chenye alama ya njano ya kasoro nafungua Hardware Ids, yaani namba zake za utambulisho, nikiona VEN_10EC najua hiyo Realtek, VEN_8086 ni Intel, ndo naanza kuisaka. Kitu kimoja kinaweza kula saa nzima, nisichaji?

Mwanzisha mada: We unafanya kazi, sawa. Wangapi wako hivyo? Wengi wana flashi moja ina lundo la draiva, anachomeka, anabonyeza weka zote, huyo anakwenda kunywa kahawa. Mashine inarudi na brauza ngeni na antivairasi ambayo hujaiomba, kadi ya picha imepewa draiva isiyo yake, ukifungua video tu skrini ya bluu. Na huyo ndo anachaji zaidi!

Mdau wa Chumbageni: Mbona hamgusi mashine zenyewe? Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, kile kitu cha usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa za Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, laptopu nyingi za mtumba hazifiki, fundi anaruka hicho kizuizi halafu kampuni iliyotengeneza laptopu haijatoa draiva za 11 kwa modeli hiyo, mnabahatisha za 10. Mara nyingi zinakubali kweli, lakini mteja aambiwe kabla. Mama yangu anaandika barua na kuangalia YouTube basi, nikamwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, draiva nyingi zimo humohumo kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, sikutafuta hata moja.

Fundi wa Makorora: Mama sawa. Wenye steshenari wanataka Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kadi na vipeperushi, ukiwatajia Linux wanabeba mashine wanahamia kwa jirani.

Mwanzisha mada: Basi mi nalegeza hivi. Iliyokuja na Windows Update usinichaji. Uliyoisaka kwa Hardware Ids, fungua Device Manager mbele yangu, nisione njano, nakulipa bila kinyongo. Ila flashi ya weka zote sitoi hata mia. Mafundi wengine mnasemaje?