lxd init: maswali yote, --minimal au --preseed?

nyuzi_tatu
Wakuu, natafuta njia nyepesi ya kuwasanidishia LXD (programu ya kuendesha kontena, yaani mifumo iliyotengwa ndani ya seva moja) wanaoanza. Ukiandika lxd init unaulizwa klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja), hifadhi, aina yake, ukubwa wake, MAAS (programu ya kusimamia mashine halisi), daraja la mtandao, IPv4, IPv6... Mgeni anabaki kubonyeza Enter tu. Ninyi mnampa njia ipi?

fundi_kernel
--minimal. Haiulizi kitu, na kontena ya kwanza inawaka muda huo huo.

mama_seva
Hapo sikubaliani nawe, mkuu. --minimal hukuwekea hifadhi ya aina ya dir, yaani folda ya kawaida. Kila snapshoti (nakala ya hali ya kontena kwa wakati fulani) ni kunakili faili zote upya, wakati mifumo ya faili ya ZFS na Btrfs huandika mabadiliko tu. Na hifadhi ikishaundwa, aina yake haibadiliki: utaunda nyingine, uzime kontena, kisha uzihamishe moja moja kwa lxc move --storage. Huyo mgeni tumemrahisishia asubuhi tukamchosha jioni.

kijiko
Mwenye seva nyingi achukue preseed, yaani faili la majibu yaliyoandaliwa mapema. Swali la mwisho la lxd init huuliza kama unataka YAML (maandishi ya usanidi) ya majibu yako ichapwe. Jibu yes (Enter tupu ni no, ndiyo maana wengi hawaijui), iweke kwenye faili, na seva inayofuata ni lxd init --preseed < seva.yaml. Angalia tu majina ya diski, yasije yakatofautiana.

nyuzi_tatu
Hoja ya mama_seva imenifungua macho. Basi tuulize yale tu yasiyorekebishika kirahisi. Daraja utalibadilisha kwa lxc network set, na seva utaifungua kwa mtandao baadaye kwa core.https_address. Yanabaki hifadhi na klasta.

mama_seva
Hata klasta, ukianzisha mpya, lxc cluster enable ipo. Ni kujiunga na iliyopo ndiko kunakotaka seva tupu, kwa hiyo swali la klasta liwe hilo tu. Kwenye ukubwa wa hifadhi muongezee maelezo: faili la loop (faili linalotumika kama diski) halimezi gigabaiti zote papo hapo, hukua kadiri unavyoandika. Watu huogopa hapo wakaweka namba ndogo mno.

fundi_kernel
Nimekuelewa, dada. Incus, iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023, ilishaondoa MAAS kabisa. Jaribuni incus admin init mwone.

nyuzi_tatu
Naandika skripti ya maswali mawili itakayozalisha preseed. Nikimaliza naiweka hapa muikosoe.