Leaf au Outlander ya kuchomeka, kwa mtu wa Kampala mwenye kwao Mbale?

Mgishu wa Bweyogerere
Habari zenu wakuu. Nauza Toyota Premio yangu ya petroli, na pesa niliyonayo inatosha gari moja kati ya haya mawili: Nissan Leaf, ya umeme mtupu, yenye betri ya kWh 40 (yaani yuniti 40), au Mitsubishi Outlander PHEV, ile haibridi ya kuchomeka, yenye betri ya kuchaji na injini ya petroli. Kazi iko mjini, kwa hiyo jamu ya Jinja Road ni yangu asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi naenda Mbale kuwaona wazee. Naomba majibu ya wenye magari, si ya watazamaji wa YouTube.

Mama Shani
Nina Leaf, niko Kiwatule. Kwa mjini hakuna cha kuishinda. Ukiwa umesimama kwenye foleni inakula AC na redio tu. Kilomita 100 ni yuniti kama 17 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Weka shilingi 750 kwa yuniti, unapata 13,000 hivi. Premio kwenye jamu ni lita tisa au kumi, nawe bei ya petroli unaijua. Tena kuna ile bei nafuu iliyowekwa ili watu wapikie umeme: yuniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi zinashuka hadi 412. Wenzangu wanapikia maharagwe, mimi napikia gari. Ukivuka 150 bei inapanda tena.

Fundi Ndeeba
Yote kweli, ila umeruka betri. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, ni hewa tu, kwa hiyo joto na umri vinaichakaza. Ukienda bondi, yadi ya magari yaliyotumika toka nje, usihangaike na kilomita. Washa gari, utazame vipande vidogo 12 pembeni mwa kipimo cha chaji. Cha kwanza kikitoweka, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Vikibaki tisa, mwachie mwenyewe. Na kuna wajanja wanaovirudisha kwa kompyuta, kwa hiyo nenda na kifaa cha OBD, kile cha kuchomeka kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy kwenye simu ikuonyeshe hali halisi ya betri. Muuzaji akikuzuia kuchomeka, ondoka.
Outlander ina mambo mengi zaidi ya kuharibika: betri, mota mbili, na juu yake injini yenye oili, filta na rediata. Lakini hiyo injini fundi yeyote anaifungua.

Sebei01
Mbona hamzungumzii Mbale? Ni zaidi ya kilomita 220. Leaf ya 40 ikiwa mpya inakwenda kama 240 ukiendesha taratibu, na ya kwako imeshatumika Japani miaka kadhaa. Utafika Tirinyi umezima AC, macho kwenye kipimo.
Mimi naendesha Outlander ya kWh 12. Umeme unanipa kilomita 40 hivi, maana yake Bweyogerere hadi mjini na kurudi hugusi petroli. Nikienda Kapchorwa nabonyeza SAVE, kitufe cha kutunza chaji, mapema ili betri isiishe kabla ya mlima. Kushuka navuta kipedali cha usukani hadi B5, ngazi ya juu ya mota kuzuia gari, gari linajizuia lenyewe na chaji inapanda, breki hazinuki. Kero ninayo moja: ile soketi ya nyuma ya kutolea umeme ni ya volti 100, ya Kijapani, friji la hapa haliendeshi.

Mama Shani
Kwa safari moja kwa mwezi unabeba injini na tangi kila siku? Apande basi.

Sebei01
Nnyabo, msiba haungoji ratiba ya basi. Ukipigiwa simu saa tano usiku kwamba mzee amezidiwa, unataka gari linaloondoka.

Dereva wa Entebbe
Mgishu, unapanga au ni kwako? Soketi ya kawaida inatoa kilowati mbili na kidogo. Outlander inajaa usiku mmoja. Leaf ya 40 iliyoisha kabisa, kutakucha bado inachaji, na hapo umeme haujakatika. Halafu zile nyaya za chaja zinazokuja na gari toka Japani zina plagi ya kwao. Usiunge kwa adapta za barabarani. Jirani yangu soketi iliyeyuka hadi ikabadilika rangi. Nunua waya wa chaja wenye plagi yetu ya pini tatu za bapa.

Mgishu wa Bweyogerere
Napanga, ghorofa ya pili. Yaka ni yangu peke yangu, ila gari linalala chini, upande wa pili wa ua.

Fundi Ndeeba
Basi ssebo, kabla ya kwenda bondi nenda kwa landilodi. Akikubali uvute waya mnene toka kwenye mita yako, wenye breka yake na soketi ya nje isiyoingia mvua, mimi ningekwambia Outlander kwa sababu ya Mbale. Leaf inunue kama nyumbani kuna gari jingine. Akikataa, Outlander utaiendesha kwa petroli tu, nzito na betri isiyo na kazi. Hapo bora ubaki na Premio.