Mrejesho: mafuta ya makonyo kwenye kunde za kuhifadhi

Ndugu zangu, niliuliza iwapo mafuta ya makonyo ya karafuu (vile vijiti vinavyoshika karafuu), kama yale yanayozalishwa kwa mvuke kule Wawi, Pemba, yanaweza kuchukua nafasi ya dawa ya unga ya dukani katika kuhifadhi kunde, na wengi mlinishauri nianze na kiasi kidogo.

Katika ndoo yenye mfuniko unaobana, ambamo nilining'iniza kitambaa kilichodondoshewa mafuta bila kugusa kunde, wadudu waliokomaa walikufa na sikuona vijiyai vipya vyeupe juu ya maganda. Lakini wale waliokwisha kupekecha punje waliendelea kutoka na kuacha matundu ya mviringo, kwa kuwa mvuke wa eujenoli, yaani kemikali kuu ya mafuta haya, hauwafikii vizuri huko ndani. Katika gunia la kawaida sikuona tofauti yoyote, maana mafuta hayo hupotea hewani upesi. Harufu nayo haiondoki kirahisi jikoni, na nyumbani wamekwisha kulalamika.

Kunde za mbegu nimezitenga, kwani mafuta haya yanaweza kudhoofisha uotaji. Aliyenionya kuhusu glavu namshukuru: yasipochanganywa, yanachoma ngozi kwelikweli.