MREJESHO: Ufa kwenye boti ya faiba, nimeziba kwa epoksi

Wakuu habari zenu, mimi ndiye niliyeuliza kuhusu ufa chini ya boti yangu ya faiba, karibu na mkuku (ule uti wa chini wa boti), kama nitumie resini (gundi ya maji inayoganda) ya poliesta au epoksi. Nimewafuata waliosema epoksi, asanteni sana, inashika faiba ya zamani vizuri kuliko poliesta. Nilisaga mpaka nikafika kwenye faiba nzima, pembeni nikateremsha taratibu, faiba ya mm 5 mteremko sm 6 kila upande, na jamani vaeni barakoa na miwani, lile vumbi linawasha balaa. Kupaka nimefanya alfajiri maana kwa joto letu la Tanga epoksi ikibaki kwenye kopo inachemka na kuganda hujamaliza hata kipande kimoja cha faiba, bora uimwage kwenye trei pana. Ikikauka inaweza kuacha utando kama mafuta juu, uoshe kwa maji na sponji kwanza ndio upige msasa, la sivyo rangi haishiki. Sasa iko majini, nimepapasa kwa ndani pakavu kabisa. Aliyeuliza kupaka jelikoti (lile tabaka la nje linalong'aa la boti) ya poliesta juu ya epoksi, mimi nimepaka rangi ya epoksi, jelikoti hapo mara nyingi haikauki vizuri.