Santri wa Indonesia: wanafanya nini hasa mpaka jamii inawafuata?

Msomaji wa Pwani

Assalaam aleikum wadau. Kila ikifika tarehe 22 Oktoba mitandao hujaa picha za vijana wa Indonesia wenye saruni na kofia nyeusi: Siku ya Santri. Santri ni mwanafunzi wa chuo cha bweni cha dini, pesantren, na siku yenyewe ilitangazwa na Rais Joko Widodo mwaka 2015. Hayo yanajulikana. Ninachotafuta ni utendaji. Vijana wanaosoma vitabu vilevile vya Kishafi vinavyosomwa Lamu, Tanga na Unguja wanafanya nini mpaka kinagusa soko, sheria na ndoa za watu ambao hawajawahi kulala chuoni? Madrasa zetu za bweni zina vitabu na zina masheikh. Zinakosa nini? Naomba hatua, sifa tumeshazisikia.

Safina

Wa aleikum salaam. Anzia kwenye kitabu, kwa sababu kila kitu kingine kule kinatoka hapo. Kufanana hakukuja kwa bahati: mtunzi wa Safinat an-Najaa, kile kitabu cha fiqhi cha wanaoanza, Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami na alifia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo. Maulidi ya Habshi aliyoyaeneza Habib Saleh kule Lamu, Java wanayasoma kwa jina la Simthud Durar, na vijana wakipiga dufu viwanja vinajaa.

Usomaji wenyewe una njia mbili. Bandongan: sheikh, wao humwita kiai, anasoma na kufasiri, na wanafunzi hata mia wanaandika. Sorogan: mwanafunzi mmoja anakaa mbele ya mwalimu na kusoma peke yake, akikosea irabu anarudishwa. Kitabu hakina irabu, na mistari yake imeachanishwa makusudi ili pawe na nafasi ya kuandika. Chini ya kila neno mwanafunzi anaandika maana ya Kijava kwa herufi za Kiarabu, kwa mlalo, kama inayoning'inia. Neno likiwa mubtada, yaani linalotolewa habari, anaweka mim ndogo juu yake na kulisoma kwa kuanza na "utawi". Khabari, yaani habari yenyewe, inapata khaa na "iku". Yaani nahau inaandikwa palepale kwenye ukurasa, na anayeweka alama ya uongo anaonekana.

Kinachoharibu ni usingizi. Kijana akisinzia, ukurasa unabaki na matundu, na lazima ayazibe kwa kunakili kutoka kwa mwenzake kabla ya darsa inayofuata. Asiyeziba, miezi mitatu baadaye hawezi kusimama kwenye sorogan.

Sasa unganisha na mtandao. Vyuo vingi vinapiga marufuku simu kwa wanafunzi. Kamera, kompyuta na akaunti za chuo hushikwa na kikosi kidogo cha santri wakubwa chini ya ofisi. Ramadhani, vyuo hukimbiza kitabu kizima ndani ya siku ishirini hivi, na darsa hizo sasa zinarushwa mubashara. Gus Baha, sheikh wa Rembang kule Java, alijulikana nchi nzima kwa sauti zilizorekodiwa na wanaohudhuria darsa zake. Kosa linalojirudia ni kukata kipande cha sekunde 40 kwenye mlango wa fiqhi: sharti linabaki nje, hukumu inasambaa peke yake. Anayekata kipande awe amekisoma kitabu hicho. Hodari wa kamera asiyejua mlango unaosomwa ataleta fitina bila kukusudia.

Mshika Ibara

Safina amesema kweli, ila jibu la "sheria na ndoa" liko kwenye bahtsul masail, baraza la kujadili masuala. Hapa ndipo naona tumeachwa mbali.

Maswali hutumwa kwa vyuo vinavyoalikwa wiki kadhaa kabla, kila swali likiwa na maelezo ya tukio. Huulizi "nini hukumu ya mkopo wa simu?" Unaeleza: nani anakopesha, ada inakatwa lini, akichelewa nini kinaongezeka. Siku ya baraza kuna mwendesha mjadala, kuna mwandishi, kuna waundaji wa jibu (perumus) na wasahihishaji (mushahhih), ambao ni masheikh wazima. Vijana ndio wanaojibu. Kwanza tukio linachorwa mpaka wote waone kitu kimoja. Kisha kila ujumbe unatoa jibu lake na ibara, yaani maneno yenyewe ya kitabu, kutoka vitabu vya fiqhi ya Kishafi kama Fathul Muin, Iana, Tuhfa na vinginevyo vinavyokubalika. Wengine wanapinga: ibara hii inahusu bidhaa iliyopo, hii ya kwako haipo. Waundaji wanakusanya, msahihishaji anapitisha, inasomwa Fatiha. Wakishindwa, swali linaandikwa mauquf, limesimamishwa, na hakuna anayeona aibu.

Mahali panapoharibika ni kwenye kuchora tukio. Wakiruka hatua hiyo, watu wanagombana saa tatu kumbe kila mmoja ana biashara yake kichwani. La pili ni kuokota ibara bila kusoma ukurasa wa kabla na wa baada.

Mwaka 1992, kwenye mkutano wake wa Lampung, Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya maulamaa wa Indonesia, ilikubali kwamba pale ibara inapokosekana inaruhusiwa kwenda kwa njia za maimamu wenyewe za kutoa hukumu, kwa pamoja na wenye elimu hiyo. Mlango ukafunguka. Mkutano wa Banjar mwaka 2019 ulijadili taka za plastiki.

Na wanawake wasisahaulike. Tarehe 25 hadi 27 Aprili 2017, pesantren ya Kebon Jambu, Cirebon, inayoongozwa na mwanamke, Nyai Masriyah Amva, ilipokea kongamano la maulamaa wanawake. Fatwa zao zilikuwa tatu: ukatili wa kingono ni haramu hata ndani ya ndoa, kuzuia ndoa za watoto ni wajibu, na kuharibu mazingira ni haramu. Desemba 2018 Mahakama ya Katiba ilitaka umri wa ndoa urekebishwe, na mwaka 2019 sheria ikapandisha umri wa msichana kutoka 16 hadi 19. Mashirika mengi yalikuwa yakipigania jambo hilo, sitawapa sifa wao peke yao. Lakini mzazi wa kijijini aliyekuwa akisema "dini inaruhusu" sasa alijibiwa kwa ibara, na waliomjibu ni wanawake waliosoma vitabu vilevile anavyoviheshimu.

Dukani

Kuhusu soko, tazama pesantren ya Sidogiri, wilaya ya Pasuruan, Java Mashariki. Chuo kina ushirika tangu 1961, ulioanzia kwenye mahitaji ya wanafunzi wenyewe. Hesabu ni nyepesi: maelfu ya vijana wananunua sabuni, wali, daftari na saruni kila siku, na fedha ikizungukia ndani inabaki. Mwaka 1997 walimu wake walianzisha taasisi ya akiba na mikopo isiyo na riba, kwa sababu wachuuzi wa soko la jirani walikuwa wameshikwa na wakopeshaji, kile ambacho Bongo tunakiita kausha damu. Kazi kubwa inafanywa na miguu: mkusanyaji anapita mezani kwa mchuuzi, anachukua akiba ndogo ya siku hiyo na kuiandika kwenye kitabu chake. Mchuuzi haachi biashara kwenda kupanga foleni.

Halafu kuna guru tugas. Anayemaliza masomo anapelekwa kufundisha mahali pengine, mara nyingi kijijini, kwa mwaka mmoja. Gontor, pesantren nyingine kubwa, nao wana mwaka wa utumishi. Hiyo ndiyo njia chuo kinavyofika vijijini kila mwaka bila kujenga tawi.

Bi Mlezi

Mnachora upande mmoja, ndugu zangu. Bweni ni mahali ambapo mtoto yuko mbali na wazazi na neno la mwalimu halipingwi. Kesi ya Bandung iliyojulikana mwaka 2021, ya mwalimu aliyewadhulumu wasichana kwa miaka, ilitikisa nchi nzima. Mwaka 2022 ikatoka sheria ya makosa ya ukatili wa kingono, na Wizara ya Dini ikaweka kanuni ya taasisi za elimu zilizo chini yake. Septemba 2025 jengo la kuswalia la chuo kimoja cha Sidoarjo liliporomoka wakati ghorofa zikiongezwa juu, wanafunzi wakiwa ndani wanaswali. Walikufa zaidi ya 60.

Kwa hiyo anayeiga aanze na haya: mhandisi akague msingi kabla ya kuongeza ghorofa, walezi wa wasichana wawe wanawake, na mtoto apewe namba ya simu ya mtu wa nje ya chuo, na aruhusiwe kuipiga bila kuomba ruhusa kwa anayemlalamikia.

Msomaji wa Pwani

Allah awalipe. Bi Mlezi, nimekuelewa vizuri. Mshika Ibara, chuo chenye vijana 40 na masheikh wawili kinaweza baraza hilo?

Mshika Ibara

Kinaweza, kwa udogo wake. Chukua swali moja kwa mwezi, si matano. Gawa vijana makundi manne, kila kundi lipewe kitabu kimoja cha kutafutia, na wiki mbili za kutafuta. Sheikh mmoja aendeshe, wa pili asahihishe. Asiwe mtu yuleyule, kwa sababu mwendeshaji akishasema jibu lake vijana wote hunyamaza. Swali likihusu mkopo, mwite wakala wa fedha wa mtaani aeleze makato yake kwa shilingi kabla kitabu hakijafunguliwa. Weka daftari moja tu la maamuzi: swali, maelezo ya tukio, ibara na ukurasa wake, jibu, tarehe. La mauquf liandikwe pia, kwa sababu mwaka ujao kundi jipya litaanzia hapo.