Ukoo wa Mzee Iddi

Jumapili

[Rehema amebadilisha jina la kikundi kutoka "Ukoo wa Mzee Iddi" kuwa "SAFARI YA DAR"]

Rehema 19:04: Assalaam alaykum ndugu zangu. Shule zinafunga Ijumaa tarehe 5. Jumamosi tarehe 6 tunapanda treni ya asubuhi hapa Dodoma, mchana tuko Dar. Anayekwenda aseme LEO.

Rehema 19:06: Nauli ya treni ya kawaida 31,000 mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu, 15,500. Chini ya miaka 4 halipi. Mimi nimehesabu wakubwa 6, watoto 4, na Mudi wa bure. Jumla 248,000, kwenda tu hiyo.

Rehema 19:07: Kila mkubwa anitumie jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba. Tiketi haiandikwi "Baba Fulani".

Rehema 19:52: Naona mmesoma wote.

Hamisi 20:15: Waalaykum salaam. Mimi andika Hamisi Fundi Bomba, mji mzima wananijua

Rehema 20:15: Hamisi, NAMBA.

Hamisi 20:17: Namba ya NIDA ninayo, kadi ndiyo naisubiri tangu Mudi hajazaliwa 😂

Rehema 20:17: Namba inatosha. Itume.

Saidi 20:31: Shikamooni. Dada Rehema, wahi kukata. Wiki ya kufunga shule nafasi zinakwisha haraka sana. Mwaka jana mimi nilizubaa siku mbili tu, nikaishia kupanda basi, nikashuka Mbezi Luis saa nne usiku miguu imevimba.

Saidi 20:33: Na mfike stesheni mapema. Mizigo inapita kwenye mashine, foleni yake siyo ndogo, na treni haimsubiri mtu.

Hamisi 20:36: Jogoo anapita kwenye mashine?

Salma 20:36: 😂😂😂

Saidi 20:37: Jogoo wa Gairo!!

Hamisi 20:38: Yule jogoo mpaka leo konda ananiulizia

Salma 20:39: Mama Nasra alivyokuwa anamkimbiza na kanga moja jamani, abiria wote wamesimama dirishani

Rehema 20:44: Nimeomba namba za vitambulisho. Nimepata habari za jogoo.

Rehema 20:51: Ratiba nimeshaipanga. Jumamosi tunafika, tunalala Kimara kwa Kaka Juma. Jumapili Coco Beach. Jumatatu Makumbusho ya Taifa. Jumanne Kariakoo, nguo za watoto. Jumatano kisiwani Mbudya. Alhamisi tunamsalimia Shangazi Mbagala. Ijumaa tunarudi. Kaka Juma thibitisha.

Saidi 21:10: Makumbusho msiende mbio mbio. Fuvu la Zinjanthropus lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959 limehifadhiwa pale, na yako magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Nasra analisoma hilo fuvu darasani. Tena mkitoka hapo ni kutembea tu mpaka bustani ya mimea, watoto wapumzike kivulini.

Saidi 21:14: Ila mkiniuliza mimi, kitu cha kwanza wapandisheni kivuko cha Kigamboni. Wala siyo safari, dakika chache unavuka. Simameni pembeni, upande wa mlango wa bandari. Ikitokea meli kubwa inaingia, inapita kwenye mkondo mwembamba mpaka unadhani itagusa nyumba. Kivuko kinasubiri ipite. Watu wazima wananyamaza, wanainua vichwa kama watoto. Mimi ni mwaka wa tatu hapa na bado nasimama.

Hamisi 21:16: Mudi akiona meli atauliza ina matairi mangapi

Rehema 21:17: Kivuko tutakiweka Jumatatu hiyo hiyo. Kaka Juma, bado nakusubiri.

Rehema 22:40: Kaka Juma.

Jumatatu

Shangazi Zaina 05:48: Assalaam alaykum. Nimesoma. Alhamisi.

Rehema 06:20: Waalaykum salaam Shangazi, shikamoo. Ndiyo Shangazi, Alhamisi siku nzima ni yako inshallah, watoto wanakuulizia kila siku 🙏

Shangazi Zaina 06:41: Marahaba. Hata mlipokuja harusi ya Zuwena mliniambia Alhamisi.

Shangazi Zaina 06:55: Niliamka alfajiri nikaenda Feri mwenyewe, magoti yangu haya haya. Nikapata changu wanne wakubwa, nikawapaa, nikawakaanga. Wali wa nazi nikaupakua kwenye sinia nikafunika na kawa. Saa nane kimya. Saa kumi kimya. Magharibi mtoto wa jirani ananionyesha kwenye simu yake, mmekaa mchangani Coco mnakula mihogo, mnacheka. Samaki nikampelekea Mama Chausiku na wanawe. Kawa lenyewe bado ninalo.

[Rehema amefuta ujumbe]

Hamisi 07:15: Shangazi shikamoo. Ile mihogo hata pilipili haikuwa nayo, mungu shahidi

Saidi 07:16: Kaka siyo sasa

Rehema 07:30: Shangazi nisamehe. Siku ile tulikuwa na gari la kuazima na mwenye gari alilitaka saa kumi na mbili. Nilitakiwa kupiga simu. Sikupiga.

Shangazi Zaina 07:58: Simu yangu ilikuwa mkononi siku nzima.

Juma 12:20: Nimesoma. Niko kazini, nitajibu nikitoka.

Rehema 12:21: Kaka, ni ndiyo au hapana tu.

Rehema 14:05: Namba nilizopata mpaka sasa: yangu, ya Salma. Basi.

Juma 19:33: Karibuni Kimara, nyumba ni yenu. Mama Farid ameshaanza kufua mashuka. Ila naomba nisiuingie tena mgogoro wa godoro.

Rehema 19:35: Godoro lilirudishwa Kaka.

Juma 19:36: Lilirudishwa lini?

Rehema 19:37: Nilimpa Hamisi alirudishe.

Hamisi 19:41: Mimi nilimpa Salma

Salma 20:58: Lipo kwangu. Sikujua kama linatafutwa, nilijua nimepewa 🙈

Juma 21:02: Miaka miwili namwambia mke wangu ndugu zangu hawawezi kufanya hivyo.

Rehema 21:03: Salma, lisafishwe. Tutaongea pembeni. Hapa turudi kwenye tiketi.

Hamisi 21:05: Godoro nalo linalipa nauli nusu?

Jumanne

[Bibi: ujumbe wa sauti 2:38]

Saidi 08:12: Shangazi simu yake haichezi sauti, na wengine mko kazini. Naandika alivyosema Bibi, neno kwa neno:

"Wajukuu zangu hamjambo. Haya mnayoandika mimi siyaoni, macho yamekataa, nimesomewa na Nasra. Ametoka kusoma akanyamaza, nikamwambia endelea, akasema Bibi yamekwisha. Sasa sikilizeni. Dar siwakatazi. Babu yenu alishuka pale stesheni ya zamani ana sanduku la bati na shuka moja, hamjui mtu. Usiku wa kwanza alilala barazani kwa watu Kariakoo, na wa pili hivyo hivyo. Alifanya kazi mji ule mpaka akapata kile kiwanja cha Mbagala, watu wakamcheka, wakamwambia umenunua pori. Zaina ndiye aliyebaki naye. Alimuuguza mle ndani miezi saba. Kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji na kijiko, Zaina peke yake. Nyinyi mlikuja siku ya mazishi mkasimama uani. Mudi na wenzake nyumba hiyo hawajaiona hata bati lake. Watoto waone bahari, wapande hilo dude la kuvuka maji, sikatai. Lakini mguu wa kwanza Mbagala. Muingie ndani, mkae chini, mle, mlale. Mkishalala ndiyo muulize hiyo Coco iko wapi. Na nasikia jina la babu yenu mmelitoa hapo juu mmeandika safari. Lirudisheni."

[Rehema amebadilisha jina la kikundi kutoka "SAFARI YA DAR" kuwa "Ukoo wa Mzee Iddi"]

Rehema 08:40: Tumesikia Bibi. Shikamoo.

Hamisi 09:55: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Salma 13:10: 🙏🙏

Juma 13:48: Bibi shikamoo. Tumepokea.

Rehema 18:02: Haya. Ratiba mpya. Jumamosi tukishuka stesheni tunakwenda moja kwa moja Mbagala. Tunalala huko Jumamosi. Jumapili jioni tunahamia Kimara.

Juma 18:20: Kwa hiyo usiku mmoja Mbagala, siku tano kwangu?

Rehema 18:22: Kaka si ndiyo umesema mashuka yanafuliwa?

Juma 18:24: Yamefuliwa. Sijakataa mtu. Nauliza ili nimwambie mwenzangu, maana ameshanunua na ndoo mpya ya maji.

Saidi 18:30: Mkinisikiliza mimi nisiye na nyumba: Makumbusho, Feri, Kariakoo, zote ziko mjini kati. Ukitoka Mbagala unashika Barabara ya Kilwa, ukitoka Kimara unashika ya Morogoro, na njia zote mbili zinawaleta mjini. Kimara siyo karibu zaidi. Mnaweza kukaa Mbagala siku tatu na hakuna mtakachokosa. Coco na Mbudya ndiyo mfanye mkiwa Kimara.

Hamisi 18:33: Chuo kinamfundisha huyu

Rehema 18:37: Shangazi, siku tatu unaweza? Tuko kumi na moja pamoja na Mudi.

Rehema 19:50: Shangazi?

Shangazi Zaina 20:26: Nilikuwa nasali. Nina vyumba viwili na sebule. Chumba cha baba nimekifungua leo, nimetoa kitanda nje kipigwe jua. Mikeka ipo. Asiyeweza mkeka aende Kimara, sitakasirika.

Hamisi 20:28: Mimi mkeka wangu Shangazi

Salma 20:30: Nitakuja na godoro

Juma 20:31: Salma!

Salma 20:32: La Mama Farid litafika Kimara Kaka, nalibeba. Nasema nitanunua langu.

Rehema 20:35: Treni mnajua mizigo yake. Godoro hapana.

Saidi 20:36: Litumwe na lori la vitunguu la Baba Mwajuma, anashusha Dar kila wiki

Hamisi 20:37: Lifike Kimara linanuka vitunguu, Mama Farid alitupe nje tuanze upya 😂

Juma 20:39: Hamisi mimi sicheki.

Hamisi 20:52: Nisamehe Kaka.

Rehema 21:00: Tuliokubaliana: Mbagala kwanza. Idadi ya siku nitazungumza na Shangazi na Kaka kwa simu. Kesho saa sita mchana NAKATA TIKETI. Ambaye sina namba yake atabaki Dodoma anywe maji.

Rehema 21:01: Kilosa treni inapita kwenye mahandaki, giza mara moja halafu mwanga. Nilipanda mwezi wa pili, kuna mtoto alimshika mama yake shingo akamwuliza, tumekufa? Nikawaza wetu. Nataka wote tuwe behewa moja. Ndiyo maana nasumbua.

Jumatano

Rehema 11:40: Namba ninazo: yangu, Salma, Baba Mudi, Mama Mudi. Hamisi na Mama Nasra ndiyo bado.

Rehema 12:15: Nasubiri mpaka saa saba.

Rehema 13:20: Zimebaki nafasi chache za asubuhi. Jamani.

Mama Nasra 16:47: Assalaam alaykum wote. Samahanini, simu ilikuwa na Nasra, anamsomea Bibi. Shangazi shikamoo. Dada, Nasra ametimiza 13 mwezi uliopita. Siyo wa nusu tena.

Rehema 16:49: Kwa hiyo wakubwa 7, watoto 3. 263,500. Nimekwishachangisha ya 248,000.

Mama Nasra 16:53: Na ruhusa yangu kazini haijatoka. Wameniambia nirudi Ijumaa.

Rehema 16:54: Ijumaa nafasi zitakuwa zimekwisha.

Mama Nasra 16:55: Ndiyo najua. Ikishindikana mchukueni Nasra, mimi nibaki na Bibi. Lakini Nasra anasema hasafiri bila mimi.

Juma 17:30: Mimi na mwenzangu tumezungumza. Jumamosi hiyo tutakuja stesheni kuwapokea, halafu twende wote Mbagala. Na sisi hatujaingia nyumba ile tangu arobaini.

Rehema 17:33: Kaka ahsante. Sana.

Rehema 17:34: Nimeshikilia tiketi 6. Nyingine 4 sijui.

Shangazi Zaina 18:09: Basi mtakuwa wangapi? Nataka nimwagize mtu wa Feri mapema.

Shangazi Zaina 18:11: Nasra anakula changu siku hizi, au bado anaogopa miba?

Mama Nasra 18:40: Anakula Shangazi. Anauliza kitanda cha babu ni kile cha kamba?

Shangazi Zaina 18:43: Ndicho hicho. Nimekikaza upya.

Rehema 19:02: Hamisi. Namba.